Cerakote juu ya fosfeti: kinga ninayoiamini kwa bunduki za walinzi

Kwa bunduki inayobebwa kila siku hapa Uganda, mvua na jua, kinga ninayoipendekeza ni rangi iitwayo Cerakote, ya kundi la H, ile ya kuokwa kwenye oveni. Na kama mtutu na mwili wa bunduki ni chuma cha kawaida, ipulizwe juu ya fosfeti ya manganizi, yaani utando wa kijivu unaooteshwa juu ya chuma kwa dawa ya moto. Nimetanguliza jibu kwa sababu wengi wanaoniuliza wana haraka, wanataka jina tu wakaagize. Mwenye nafasi asome mpaka mwisho, maana chupa ile ile moja inaweza kudumu miaka kwa fundi mmoja na kubanduka kwa mwingine kabla msimu wa mvua haujaisha.

Mimi ni fundi silaha. Kazi nilijifunzia jeshini, nyumbani ni Bombo, na sasa natunza ghala la silaha la kampuni ya ulinzi. Ninazozishika zaidi ni shotigani za pampu, SMG (ndivyo tunavyoiita AK huku kwetu) na Mark 4, ile Lee-Enfield ya Mwingereza ambayo bado inaonekana mabegani mwa walinzi. Zote zinakuja kwangu na ugonjwa mmoja: kutu pale mkono unaposhika.

Wenye bunduki zao za leseni wananiuliza kama kazi hii inafanyika nyumbani. Inafanyika, mradi ujue sheria inakutazama. Bunduki Uganda iko chini ya Firearms Act ya mwaka 1970, kwa hiyo ongea kwanza na ofisi ya polisi inayosimamia cheti chako, na usimpelekee mpiga rangi wa magari mtutu kwenye mfuko wa plastiki ukidhani ni kipande cha chuma tu. Namba ndiyo kitu cha kulinda kuliko vyote. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Uganda ni mwanachama wake, inataka kila silaha iwe na alama inayosomeka. Kabla sijagusa kitu napiga picha namba zote, kisha naweka karatasi juu yake na kusugua kwa penseli mpaka tarakimu zitokee. Karatasi hiyo inakaa kwenye faili la bunduki. Mtu akikuambia atasaga kidogo hapo kwenye namba ili rangi ikae vizuri, chukua mali yako uondoke.

Sasa adui yetu ni nani? Makampuni ya rangi hupenda kutangaza saa ambazo rangi yao imevumilia kwenye jaribio la ukungu wa chumvi, lile linaloitwa ASTM B117, ambapo chuma hufungiwa ndani ya ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 kwa joto la nyuzi 35. Ni jaribio zuri la kulinganisha rangi kwa rangi. Lakini Ziwa Viktoria ni maji baridi yasiyo na chumvi, na bahari iko mbali nasi. Chumvi inayokula bunduki za Entebbe na Kampala inatoka mwilini mwa mlinzi. Ni jasho. Mlinzi anasimama getini usiku kucha, mkono wa kulia umeshika hapo hapo nyuma ya triga, mkanda unasugua hapo hapo penye pete yake, asubuhi anakabidhi kwa mwenzake ambaye naye anashika hapo hapo. Ukungu wa ziwani unakuja juu ya chumvi hiyo. Kwa hiyo swali langu kwa kila kinga ni hili: inavumilia kusuguliwa na mkono wenye jasho? Rangi inayoshinda kwenye sanduku la ukungu halafu inakwanguka kwa buckle ya mkanda hainisaidii.

Nianze na inayouzwa kirahisi, buluu ya chupa, ile unayopaka baridi kwa pamba. Nyingi zina seleniamu na chumvi za shaba. Unapaka, chuma kinageuka cheusi mbele ya macho yako, unafurahi. Kwa kuficha mkwaruzo mdogo juu ya bunduki ya kuwekwa kabatini, sawa. Kwa kinga haina kitu: ule weusi ni utando mwembamba mno na jasho linaula upesi. Sijamshauri mlinzi yeyote aitumie na sitamshauri.

Buluu ya moto ni jambo jingine. Hiyo ni soda kali pamoja na naitreti, inachemshwa mpaka nyuzi 135 hadi 150 hivi, na chuma kinatoka na rangi nzito inayong'aa ambayo kwa asili yake ni kutu nyeusi iliyotulia, ile wanakemia wanaiita magnetaiti. Ni nzuri kwa macho kuliko zote. Lakini hata yenyewe inategemea mafuta. Ukisahau kuifuta kwa mafuta wiki ya mvua, kutu nyekundu inapenya. Tena soda ile ya moto ikikurukia inakula ngozi na macho, na ukitumbukiza kitu cha aluminiamu inakiyeyusha. Shotigani nyingi za pampu zina mwili wa aluminiamu. Nyumbani penye watoto, sitaki hata kusikia.

Fosfeti nitakaa nayo kidogo, kwa sababu watu wanaidharau kwa ajili ya ukijivu wake. Mafundi wengi wanaiita pakaraizi. Chuma kilichosafishwa kinazamishwa kwenye maji yenye asidi ya fosforiki na manganizi, joto kama nyuzi 88 hadi 95. Povu dogo dogo linapanda kutoka kwenye chuma, robo saa hivi, na povu likitulia kazi imeisha. Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia: Kampala iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Ukifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa pwani bila kipimajoto, sufuria itatokota, na fosfeti inayotokota inatoa unga unga usioshika. Weka kipimajoto ndani, punguza gesi, fanya nje penye hewa maana povu lile ni haidrojeni. Springi usizitumbukize, haidrojeni inaweza kuzifanya zikatike.

Kinachotoka ni chuma cha kijivu kilichoparuza kidogo ukikipitisha kidole. Ule uparuzaji ndio thamani yake. Ni vitundu vidogo sana vinavyoshika chochote unachokipa: ukikipa mafuta kinashika mafuta, ukikipa rangi kinashika rangi. Waingereza walilijua hili. Baada ya vita vya pili vya dunia silaha zao nyingi zilipewa fosfeti chini na rangi nyeusi ya kuokwa juu, iliyoitwa Suncorite. Ukipata Mark 4 au SLR ya zamani (bunduki ya Waingereza iliyokuja baada ya Mark 4) ambayo bado ina rangi nyeusi nzito isiyo na mng'ao, inawezekana ndiyo hiyo. Mimi nimezikuta bunduki kuukuu zilizolala vibaya, kitako kimeoza, lakini chini ya rangi ile chuma kijivu, kikavu, hakina doa. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kwamba swali la rangi ipi ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni rangi hiyo imesimama juu ya nini.

Fosfeti haikubali aluminiamu wala chuma kisichoshika kutu. Kwa vipande hivyo tunakwenda moja kwa moja kwenye rangi.

Kwenye rangi zenyewe nitapita haraka kwa zile ambazo sikuzichagua. DuraCoat ni ya kuchanganya, sehemu 12 za rangi kwa 1 ya kigumishi, haihitaji oveni, nayo ina rangi za kila aina. Inakauka ya kushikika mapema lakini inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Mwenye bunduki moja ya kuwindia anaweza kusubiri. Ghala langu haliwezi, bunduki ikitoka lindoni leo inatakiwa irudi. Aluma-Hyde II ya Brownells ni epoksi ya kwenye kopo la kupuliza, haina haja ya kompresa, na kwa mtu wa nyumbani huo ni unafuu mkubwa, ila nayo inataka wiki moja mpaka mbili kabla haijagumu kweli. Gun-Kote inaokwa kwa nyuzi 163 kwa saa moja, na ni rangi ninayoiheshimu. Kama ndiyo unayoweza kuipata, usisite.

Cerakote inatengenezwa Oregon, Marekani. Ina makundi mawili yanayotuhusu. Kundi la C linakauka kwa hewa, halihitaji kigumishi, na linavumilia joto kali, kwa hiyo wenye bomba za moshi za pikipiki wanalipenda. Linachukua siku 5 hivi kukomaa. Kundi la H lina kigumishi chake, kwa kawaida sehemu 18 za rangi kwa 1 ya kigumishi, na linaokwa kwa nyuzi 121 kwa saa 2. Likitoka kwenye oveni na kupoa, bunduki inafungwa na kurudi kazini siku hiyo hiyo. Chupa ndogo ni ya aunsi 4, yaani kama mililita 118. Kuiagiza hapa kunataka subira kwa sababu ni kimiminika kinachowaka. Haisafiri kwa posta ya kawaida ya ndege, inakuja kama mzigo wenye makaratasi yake.

Uzuri wake mkubwa kwangu ni wembamba. Mkono mmoja uliopulizwa vizuri una unene wa kama maikroni 25. Pampu ya shotigani inateleza bila kukwama, boliti ya Mark 4 inaingia na kutoka, na tarakimu za namba zinasomeka bila taa. Rangi ya geti ingeziba kila kitu.

Sasa kazi yenyewe, na hapa naomba usiruke mstari. Vunja bunduki kipande kwa kipande. Loweka kila kipande kwenye asetoni, nje, mbali na jiko na sigara. Kisha vaa glovu na usizivue tena mpaka rangi iwe juu, kwa sababu alama moja ya kidole ni mafuta na chumvi. Baada ya hapo kipande kinapulizwa kwa changarawe za oksidi ya alumini za namba 100 au 120. Shanga za kioo zinang'arisha tu, haziachi uparuzaji wa kushika rangi. Na mchanga wa ziwani, ambao karakana nyingi za mitaani zinautumia, uache kabisa. Vumbi lake ni silika, linaingia mapafuni na halitoki. Nawaambia hivi vijana wa karakana kila ninapokwenda Katwe, na nitaendelea kuwaambia.

Chuma kikishapulizwa kiko uchi. Entebbe, asubuhi ya mwezi wa nne, kitaanza kugeuka rangi ya chai kabla hujala chakula cha mchana. Asetoni nayo inapokauka inakipoza chuma, na hewa yetu yenye unyevu inaacha umande juu yake usiouona. Kwa hiyo usipulize changarawe jioni upake kesho. Siku moja, kazi moja.

Halafu kuna hatua ambayo wengi wanaiacha. Ninaning'iniza mtutu mtupu ndani ya oveni, bila rangi, kwa nyuzi kama 150, saa nzima. Angalia Mark 4: pale mtutu ulipokazwa kwenye mwili, kuna mwanya ambao hata karatasi haipiti. Chuma kikipata joto, mstari mweusi unaanza kujitokeza pale. Mwanzoni ni kama uzi. Unapanuka, unakusanya tone, tone linateremka polepole kwenye chuma ulichokiona safi kabisa. Hayo ni mafuta ya miaka mingi, pengine ya askari ambao hatutawajua. Kama ungepaka bila kuyatoa, yangetoka wakati wa kuoka, chini ya rangi, na pale ndipo ingebanduka. Unafuta, unarudisha kwenye asetoni, unaoka tena mtupu, mpaka mwanya ukae kavu.

Kijana mmoja ninayemfundisha aliniuliza, "Afande, si tungeuchomelea tu huo mwanya?" Nikamwambia, moto wa kuchomelea hauletwi karibu na mwili wa bunduki. Chuma kile kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto maalumu, na kinazuia mlipuko mbele ya uso wa mtu. Nyuzi 121 za oveni hazikigusi ugumu huo. Moto wa kuchomelea unauharibu.

Baada ya hapo, kama ni chuma cha kawaida, ndipo fosfeti, suuza kwa maji ya moto, kausha kabisa, usipake mafuta. Kisha Cerakote kwa spreya ndogo, mkono mwepesi, kutoka pembeni kwanza, kisha sehemu pana. Tundu la mtutu, chemba, uso wa boliti na mahali pini inapopita vinazibwa. Vipande vya triga vinavyosuguana sivipaki hata kidogo. Usalama wa bunduki uko kwenye pembe zile ndogo, na maikroni 25 kila upande zinatosha kuzibadilisha. Vaa barakoa ya mvuke yenye vichujio vya kikaboni. Kitambaa cha pua hakitoshi.

Oveni. Mtutu wa Mark 4 una urefu wa milimita 640. Oveni ya jikoni hauingii, na hata ungeingia, sitaki rangi iokwe mahali unapookwa mkate wa watoto. Nilitengenezewa sanduku la mabati ya tabaka mbili, pamba ya kuzuia joto katikati, elementi za umeme chini, ndoano juu, na tundu la kipimajoto usawa wa mtutu. Gesi na mkaa havifai: mvuke wa rangi mbichi na moto wa wazi ni hatari, na masizi yanaichafua. Saa 2 zinahesabiwa tangu chuma chenyewe kifike nyuzi 121, si tangu uwashe swichi. Na umeme ukikatika katikati? Naacha mlango umefungwa, nawasha jenereta, nangoja joto lirudi, kisha nahesabu saa 2 upya. Kuzidisha muda kidogo hakuiumizi rangi nyeusi. Kuupunguza kunaiacha laini.

Matokeo nimeyaona kwa mikono ya watu. Shotigani za pampu zilizopewa Cerakote tupu juu ya aluminiamu bado ni nyeusi, isipokuwa mstari mwembamba unaong'aa pale mkono wa pampu unapopita, na pembe iliyo karibu na pete ya mkanda. Bunduki za chuma zenye fosfeti chini zimekwaruzika mahali hapo hapo, lakini chini ya mkwaruzo unaona kijivu, huoni wekundu. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta. Rangi ikishindwa, fosfeti inabaki zamu.

Mafuta bado yanahitajika ndani. SMG mtutu wake umepakwa kromu kwa ndani, lakini watu wanasikia kromu wanaacha kusafisha, na sehemu za gesi zinaota kutu. Ndani ya bunduki hakuna rangi itakayofanya kazi ya kitambaa.

Vitako vya mbao sivipaki Cerakote. Navipa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mwembamba, unasubiri, unarudia. Matambara yenye mafuta hayo yatandazwe juani au yatiwe majini. Ukiyakunja na kuyatupa kwenye kona yanaweza kuwaka yenyewe, na ghala la silaha si mahali pa kujaribu.

Gharama? Kwa mtu mwenye bunduki moja, ukihesabu oveni, kompresa na changarawe, hailipi. Mtu huyo ningemwelekeza Aluma-Hyde II na uvumilivu wa wiki mbili, maandalizi yakiwa yale yale niliyoyaeleza, hata kama chuma atakiparuza kwa msasa. Kwa kampuni yenye bunduki nyingi, au mfanyabiashara mwenye leseni ya kutengeneza, vifaa vinajilipa kwa sababu silaha hairudi mezani kila baada ya mvua.

Kuna aina moja ninayoirudisha kwa mwenyewe bila kuigusa kwa rangi yoyote: shotigani ya mitutu miwili ya kizamani, ile ambayo mzee wa shamba amerithi kwa baba yake. Mitutu ile mara nyingi imeunganishwa kwa risasi laini ya kulehemu (ile madini, si ya kufyatua). Buluu ya moto inaila risasi hiyo na mitutu inaachana. Cerakote kwa nyuzi 121 haiiyeyushi, lakini ungelazimika kupuliza changarawe juu ya nakshi zilizochongwa kwa mkono, na nakshi ikifutika haina fundi wa kuirudisha. Hiyo inatakiwa buluu ya kutu, ya polepole: dawa inapakwa, kutu inaachwa iote, inachemshwa kwenye maji masafi mpaka igeuke nyeusi, inasuguliwa kwa brashi laini ya waya, inaanzwa tena, siku baada ya siku. Mzee mmoja wa Luwero aliniletea ya kwake akitaka iwe nyeusi kama za walinzi. Tulikaa, nikamwonyesha ndege waliochongwa pembeni mwa mwili wake, ambao yeye mwenyewe hakuwa amewaona kwa sababu ya uchafu, na akakubali kusubiri.